Betri Isiyo na Daftari Isiingie Sokoni

Kiwanda kinachouza bidhaa huku kikificha habari zake hakina haki ya kujiita mshiriki wa uchumi wa mzunguko. Hiyo ndiyo hukumu yetu, na tunaitoa tukijua itawaudhi wengi: waagizaji wa betri, viwanda vinavyounganisha pikipiki za umeme, kampuni za taa za sola, na hata wizara zinazokusanya ada za mazingira na kudhani zimemaliza kazi. Afrika Mashariki inapokea betri za lithiamu kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Zikiingia bila kumbukumbu zitatoka bila kumbukumbu, na zitakakoishia tunakufahamu: dampo, mtaro wa maji ya mvua, au uani kwa mtu asiye na wa kumtetea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka la rejareja anaijua kanuni hiyo kuliko mkurugenzi wa kiwanda anayehutubia makongamano ya mazingira.

Uchumi wa mzunguko ni utaratibu wa kutengeneza vitu ili vidumu, vitengenezeke vikiharibika, vifunguke vikichoka, na malighafi yake irudi kiwandani badala ya kutupwa. Wazo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1976 Walter Stahel na Geneviève Reday waliiandalia Tume ya Ulaya ripoti iliyoeleza kwamba kurefusha maisha ya bidhaa huokoa nishati na huongeza ajira, kwa sababu kutengeneza kunahitaji mikono mingi kuliko kuchimba na kuyeyusha. Karibu nusu karne baadaye dunia inarudi nyuma. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia inayothibitika. Barani Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia moja.

Asiye na habari ataisoma asilimia hiyo na kudhani Waafrika hawatengenezi kitu. Aende Gerezani Dar es Salaam, Kamukunji Nairobi au Katwe Kampala. Huko mapipa ya mafuta yanageuka majiko na masanduku, na chuma chakavu kinageuka milango na madirisha. Simu iliyotangazwa mfu dukani inafufuliwa Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi, kabla ya adhana ya alasiri. Kazi hiyo yote haimo katika takwimu kwa sababu hakuna anayeiandika. Hasara yake ni mara mbili: kiwanda kilichounda kifaa hakijui kilivyoharibika, na fundi aliyekifungua hajui kilivyoundwa. Kati yao hakuna hata karatasi moja inayopita.

Tuitazame betri moja ya pikipiki ya umeme inapofikishwa mezani kwa fundi. Ni sanduku lililofungwa kwa gundi na skrubu, lenye kibandiko cha volti na onyo la hatari, basi. Ndani, kama ni ya aina inayotumia seli ndogo za mviringo, fundi anakuta safu kwa safu za seli zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, zimeunganishwa kwa vipande vyembamba vya nikeli vilivyochomelewa. Makundi ya seli yamefuatana kwa mstari mmoja, umeme ukipita kundi moja hadi lingine. Kundi moja likidhoofika, bodi ndogo inayosimamia betri inaona volti yake imeshuka chini ya kiwango na inakata umeme wote. Mwenye pikipiki anasema betri imekufa. Ukweli ni kwamba kundi moja limekufa na mengine yote bado yana uhai.

Fundi huyo angekuwa na historia ya betri, kwamba imechajiwa mara ngapi, ilipata joto kiasi gani, na ni kundi lipi lilianza kushuka, angemaliza kazi kwa muda mfupi. Angebadilisha kundi baya kwa seli za aina ileile, au angezichambua seli nzima na kuzipeleka kwenye betri ya sola, ambako mahitaji ya nguvu ni madogo na seli iliyopungua uwezo bado ina kazi ya miaka. Bila historia hiyo, inambidi achaji na kumaliza chaji ya kila seli ili aijue, kazi ya saa nyingi kwa kila moja, au abahatishe. Anayebahatisha huchanganya seli dhaifu na zenye nguvu, na mchanganyiko huo huharibika upesi au huwaka moto. Bodi nyingine zimewekwa kufuli la programu: zikishatenganishwa na seli, hazikubali kufanya kazi tena mpaka zifunguliwe kwa programu ya mtengenezaji, ambayo fundi hana na hauziwi. Basi sanduku zima linatupwa kwenye lundo. Betri hiyo imeuawa na ukimya wa aliyeiunda.

Watakaosema tunakuza jambo dogo tunawapeleka Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Mombasa. Huko kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kwa nadharia hakuna bidhaa inayofaa mzunguko kuliko betri hiyo. Risasi huyeyushwa na kutumika tena na tena bila kupoteza ubora wake, na ufundi wa kuirejeleza unajulikana tangu enzi za mababu. Lakini moshi na maji machafu viliingia majumbani. Watoto walikutwa na risasi katika damu, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini.

Linalotukera zaidi katika mkasa huo ni kwamba habari zilikuwapo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na baadaye akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, ameeleza kwamba mojawapo ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Wataalamu waliona kwamba kiwanda kiko karibu mno na makazi na kinahatarisha wakazi. Yeye akapendekeza kihamishwe, akaondolewa kwenye kazi hiyo. Baadaye mtoto wake mwenyewe akakutwa na sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikalitengua agizo hilo, na Mahakama ya Juu ikalirejesha Desemba 2024. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa miaka kumi kabla.

Tunataka funzo hilo lieleweke bila kupindishwa. Urejelezaji usio na maarifa yaliyo wazi ni biashara ya sumu, hata ukipambwa kwa jina zuri. Ripoti iliyofungiwa kabatini haimlindi mtoto wa jirani. Na betri za risasi zilikuwa rahisi, maana ndani mna risasi, asidi na plastiki tu. Za lithiamu zina kemia mbalimbali zinazofanana kwa nje. Kuna zenye kobalti na nikeli, na kuna zenye chuma na fosfati. Kila moja hufunguliwa, huhifadhiwa na hurejelezwa kwa namna yake. Asiyejua anachokishika hawezi kukishika salama.

Udhuru wa kwanza tunaousikia kutoka kwa kampuni ni kwamba kufuatilia kila betri mpaka mwisho wake ni mzigo usiobebeka. Udhuru huo tunaukataa. Kampuni zinazouza taa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo zimeweka laini ya simu ndani ya kifaa, na mteja wa kijijini akichelewesha malipo yake taa inazimwa kutoka ofisini mjini. Kampuni inayoweza kujua kwamba mama mmoja hajalipa leo inaweza pia kujua kwamba betri yake imefika mwisho, na kutuma mtu kuichukua. Mitandao ya kubadilishana betri za bodaboda nayo inategemea vihisi vinavyosoma chaji, joto na mahali betri ilipo, kwa sababu biashara yenyewe haiwezi kwenda bila hayo. Daftari tayari limeandikwa. Linafungwa pale tu anapotokea mtu mwingine mwenye haja ya kulisoma.

Serikali nazo zisitafute pa kujificha. Mwaka 2019 Kenya ilianza kudai stempu ya ushuru yenye msimbo kwenye chupa za maji na soda, na Tanzania mwaka huohuo ilianza kutumia stempu za kielektroniki kwa pombe, sigara na vinywaji baridi. Kwa ajili ya kodi, dola imeweza kufuatilia chupa ya maji kutoka kiwandani hadi kioski. Dola hiyohiyo haiwezi kutuambia kwamba haina uwezo wa kufuatilia betri ya kilo kadhaa inayoweza kuunguza nyumba. Uwezo upo. Utashi ndio unaotafutwa.

Wenzetu wa Ulaya wamekwisha kuchora mstari. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inaagiza kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 kila betri ya gari la umeme, ya chombo chepesi cha usafiri, na ya viwandani inayozidi kilowati-saa 2, iwe na pasipoti ya kidijitali inayofunguliwa kwa msimbo wa QR. Ndani ya pasipoti hiyo mtaandikwa nani aliyeiunda, ina kemia gani, uwezo wake na malighafi zilizomo. Wenye kazi ya kuitengeneza au kuirejeleza watapata na maelekezo ya kuifungua. Kanuni hiyohiyo inataka kwamba kuanzia Agosti 2031 betri mpya za magari na za viwandani ziwe na kiwango cha chini cha malighafi iliyorejelezwa: asilimia 16 ya kobalti, 85 ya risasi, 6 ya lithiamu na 6 ya nikeli. Kiwanda hakiwezi kutimiza viwango hivyo kama hakijui betri zake za zamani ziko wapi na zina nini ndani. Hapo ndipo teknolojia ya kidijitali inapofanya kazi yake halali katika uzalishaji: inaunganisha malighafi na historia yake.

Tunaisifu hatua hiyo bila kujidanganya kwamba imechukuliwa kwa ajili yetu. Soko moja likidai pasipoti na soko la jirani lisidai, bidhaa zisizo na pasipoti zitakwenda kwa asiyedai. Afrika ina uzoefu mchungu wa kupokea kilichokataliwa kwingine. Ndiyo sababu Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ulipiga marufuku kuingiza taka za sumu barani. Zaidi ya hayo, zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika ukanda wa Kolwezi hadi Lubumbashi, ambako mchimbaji na mchuuzi wanaelewana kwa Kiswahili. Madini hayo yanaondoka kwenye ardhi yetu yakiwa malighafi, yanarudi yakiwa ndani ya betri za simu na kompyuta, na yakichoka yanazikwa dampo au yanauzwa nje kwa bei ya kutupa. Nchi zilizotoa jasho mwanzoni mwa safari ya madini zina haki ya kunufaika nayo mwishoni, na haki hiyo haitafutwi kwa hotuba. Inatafutwa kwa kumbukumbu zinazoonyesha kilichoingia, kilipo, na kilichomo.

Mpaka hapa tumezungumzia habari zinazotoka kiwandani kwenda kwa fundi. Nusu ya pili ya mzunguko huu ni maarifa yanayotoka kwa fundi kwenda kiwandani, na hapo ndipo wakuu wa viwanda wanapokosea kwa kiburi. Wanadhani fundi ni mtu wa kufundishwa tu.

Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Julian Orr alifuatana na mafundi wa mashine za kunakili za Xerox nchini Marekani. Aliyoyaona aliyachapisha katika kitabu mwaka 1996. Kampuni iliwapa mafundi vitabu vya maelekezo, lakini mashine ziliharibika kwa namna ambazo vitabu havikuzijua. Mafundi walitatua matatizo kwa kusimuliana, wakinywa kahawa asubuhi, mashine fulani ilivyowasumbua na walivyoishinda. Kwa mhasibu, hayo yalionekana maongezi ya kupoteza muda. Kwa hakika hapo ndipo maarifa ya kampuni yalipokuwa yakikaa. Xerox ikajenga mfumo ulioitwa Eureka, ulioanza Ufaransa miaka ya 1990 kupitia mtandao wa Minitel. Fundi aliyegundua dawa ya hitilafu aliiandika kwa maneno machache, wenzake wakaipima, na ikithibitika iliingizwa kwenye kanzidata pamoja na jina lake. Heshima ya jina hilo mbele ya mafundi wenzake ndiyo iliyomfanya aandike tena.

Mambo matatu katika mfumo huo tungependa viwanda vyetu viyaige kama yalivyo. Maarifa yalitoka kwa anayeshika bisibisi. Yalipimwa na watu wa kazi ileile kabla ya kusambazwa. Na aliyeyatoa alitajwa. Kompyuta ilikuja mwisho, baada ya watu kukubaliana namna ya kuaminiana. Viwanda vingi hufanya kinyume: hununua mfumo wa gharama, huujaza fomu, kisha hushangaa kwamba hakuna fundi anayeandika kitu. Programu haiwezi kuokota maarifa ambayo mwenyewe hana sababu ya kuyatoa.

Mafundi wetu hawajakaa wakisubiri. Katika makundi yao ya WhatsApp wanatumiana picha za bodi, michoro ya saketi, na sauti za kueleza hitilafu, tena kwa Kiswahili cha kazi ambacho hakuna kitabu cha mtengenezaji kinachokitumia. Wanajua ni modeli ipi inaingiza maji kwenye plagi msimu wa masika, na ni kiunganishi kipi kinachokatika kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi. Mhandisi aliyechora bidhaa hiyo akiwa mbali na barabara zetu angelipa pesa nzuri kuyajua hayo kabla ya kuchora toleo linalofuata. Lakini simu ya fundi ikiibwa, miaka ya maarifa inakwenda nayo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi nchini Tanzania, imekuwa ikirasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza mitaani, na Kenya nayo imeweka sera ya kutambua ujuzi wa namna hiyo. Ni hatua njema, ila inampa mtu cheti na kuyaacha maarifa yake palepale ilipoyakuta. Chuo kinachompima fundi wa betri kinapaswa pia kuandika anachokijua, kukipima na kukifundisha.

Sasa tuzigeukie sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, na mwaka 2024 ikatoa kanuni zinazombebesha mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Tanzania ilitunga kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2021. Kwenye karatasi tumesonga mbele. Hofu yetu ni kwamba wajibu huo unaelekea kueleweka kama ada tu: lipa, pata stika, endelea. Tumekwisha kuona mwelekeo huo. Mswada wa fedha wa Kenya wa mwaka 2024, ule uliokwama baada ya maandamano ya vijana, ulikuwa umependekeza ushuru wa mazingira kwenye vifaa vya elektroniki na bidhaa nyingine. Wananchi waliuona kuwa kodi tu, na waliona sawasawa. Fedha isiyofungamanishwa na habari haiwezi kurudisha hata betri moja kiwandani, kwa sababu hakuna ajuaye betri iko wapi.

Pale ambapo dola haina kumbukumbu, hubaki na rungu. Januari 2022 Serikali ya Kenya, ikiwa imechoshwa na uharibifu wa nyaya na nguzo za umeme, ilisimamisha biashara yote ya chuma chakavu nchini. Agizo hilo liliondolewa baada ya miezi michache, lakini kwa muda huo mwizi wa nyaya na mama aokotaye mabati walihukumiwa kwa kosa moja. Kungekuwa na rekodi ya kila shehena, imetoka kwa nani na inakwenda kuyeyushwa wapi, mwizi angetafutwa peke yake na wenye riziki halali wangeachwa wafanye kazi. Hiyo ndiyo gharama ya kuendesha mzunguko wa mali bila mzunguko wa habari: maskini ndiye hulipa kwanza.

Ziko hoja za upande wa pili na tumezipima. Watengenezaji wanasema kutoa habari ni kutoa siri ya biashara. Hatujaomba siri. Fundi hahitaji kujua namna unavyopaka kemikali kwenye karatasi ya shaba. Anahitaji kujua aina ya kemia, mpangilio wa seli, mahali skrubu zilipo, hatua za kuifungua salama, na hali ya betri kwa sasa. Anayeyaita hayo siri anataka mteja asiwe na pengine pa kwenda.

Wanasema pia kwamba betri za lithiamu ni hatari, hivyo zifungwe wasizifungue wasiosomea. Hatari ni ya kweli. Seli iliyotobolewa au kuchajiwa kupita kiasi hupata joto linalojichochea lenyewe, na moto wake hauzimwi kirahisi. Lakini betri hizi zitafunguliwa, tupende tusipende, kwa sababu ndani yake mna thamani na nje kuna watu wenye njaa. Swali lililobaki ni kama atakayezifungua atakuwa na maelekezo au hatakuwa nayo. Anayemnyima maelekezo hawezi kudai kwamba anamlinda.

Hoja ya tatu ni ya wenye viwanda vidogo vya hapa nyumbani, wanaohofia kubanwa na gharama. Hii tunaiheshimu. Karakana inayounganisha betri chache kwa mwezi haiwezi kujenga mfumo wake wa kumbukumbu. Dawa yake ni sajili moja ya umma, inayosimamiwa na mashirika ya viwango kama TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, ambako mdogo na mkubwa watasajili kwa fomu moja fupi. KEBS tayari ina stika za ubora ambazo mnunuzi huzihakiki kwa ujumbe mfupi wa simu. Msingi upo, ujengwe juu yake.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo, na tunayadai kwa tarehe. Ulaya imejipangia Februari 2027. Afrika Mashariki haina sababu ya kuchelewa zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo.

Kwanza, kila betri ya lithiamu ya chombo cha usafiri au ya mfumo wa sola inayoingizwa au kuunganishwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki iwe na namba yake na msimbo unaosomeka kwa simu ya kawaida, unaoonyesha kemia, mpangilio wa seli, mtengenezaji, na aliyeileta nchini. Maelekezo ya kuifungua yawe kwa Kiswahili na yapatikane bila malipo.

Pili, kampuni zinazokusanya habari za matumizi ya betri kwa vihisi zilazimishwe kuikabidhi historia hiyo betri inapoacha kutumika, na kufungua kufuli la programu kwa fundi aliyesajiliwa. Jina na nyendo za mteja ziondolewe kwanza. Hali ya betri ndiyo tunayoitaka.

Tatu, ada za wajibu wa mzalishaji zirudishwe kwa anayethibitisha, kwa namba ya betri, kwamba ameikusanya na kuitengeneza au kuifikisha kwa mrejelezaji mwenye kibali. Fundi wa Kamukunji alipwe kama anavyolipwa mkandarasi mkubwa.

Nne, vyuo vya ufundi vianzishe kumbukumbu ya wazi ya hitilafu na dawa zake, iandikwe na mafundi, ipimwe na mafundi, ibebe majina yao, na viwanda vilazimike kuijibu. Kiwanda kilichoambiwa mara kwa mara kwamba plagi yake inaingiza maji na kisibadilishe kinyimwe kibali cha viwango.

Tano, kila tathmini ya athari kwa mazingira ya kiwanda cha kurejeleza betri, pamoja na vipimo vyake vya hewa, maji na damu ya wafanyakazi, iwekwe hadharani kwa lugha wanayoielewa majirani wa kiwanda hicho. Ripoti isiyowekwa wazi ihesabiwe kuwa haipo, na kibali kisitolewe.

Muda uliobaki ni mfupi. Rwanda imeamua kwamba tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Kenya ilipunguza kodi ya vyombo hivyo mwaka 2023. Tunaunga mkono hatua hizo kwa moyo wote, kwa kuwa hewa ya miji yetu inazihitaji. Lakini betri zilizoingia jana zitaanza kuchoka kwa wingi ndani ya miaka michache ijayo, na sheria itakayokuja baada ya hapo haitaweza kuandika kumbukumbu za kilichokwisha kupotea.

Katika kesi ya Owino Uhuru mahakama haikuishia kwa mwenye kiwanda. Ilizibebesha lawama na taasisi za umma zilizokuwa na wajibu wa kulinda wakazi zikanyamaza. Maofisa wanaosaini vibali vya kuingiza betri leo waisome hukumu hiyo kabla ya kusaini kibali kinachofuata.